Forodha za majirani: jinsi zilivyopatana, zikagombana, zikarudiana

Kila mtu anayekaa karibu na mpaka anaijua forodha, ile ambayo sisi katika Kongo tumezoea kuiita duane. Anajua bariyeri yake, anajua meza ya karani, anajua na uzito wa ushuru. Lakini ni wachache wanaojiuliza: je, karani wa upande huu na karani wa upande ule wanajuana? Mzigo ni mmoja, nao unapita mikononi mwa wote wawili. Wa kwanza anaandika kwamba umetoka, wa pili anaandika kwamba umeingia. Wasipoaminiana, mzigo hufunguliwa mara mbili, huhesabiwa mara mbili, na pengine hulipiwa mara mbili. Wakiaminiana, karatasi moja inatosha.

Katika makala hii tunataka kueleza namna forodha za nchi zetu, toka Kongo mpaka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, zilivyojaribu kufanya kazi pamoja kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja. Habari hii inatuhusu sana, kwa maana mwaka wa 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na moyo wa jumuiya ile ni forodha.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni bandari, mahali pa kupakulia mizigo. Zamani za masultani wa Unguja, katika karne ya 19, pwani karibu yote ilikuwa na forodha moja. Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Alimkodisha tajiri mmoja wa Kihindi kazi hiyo, naye akamlipa feza iliyokatwa kwa mwaka. Jairam Shivji alikuwa na kazi hiyo kwa miaka mingi. Katika mapatano ya Seyyid Said na Marekani, mwaka wa 1833, ushuru wa bidhaa za kuingia ulikatwa kuwa 5 kwa mia. Pembe za ndovu zilizotoka Nyangwe na Kasongo zilibebwa mabegani mpaka Ujiji, mpaka Tabora, mpaka pwani, na huko zikalipiwa ushuru. Hata watumwa walihesabiwa katika daftari ya ushuru, kichwa kwa kichwa, sawa na mizigo. Tusisahau jambo hilo tunaposikia watu wakisifu biashara ya zamani.

Baadaye wakaja wakubwa wa Ulaya. Tarehe 26 Februari 1885 walitia sahihi mkataba wa Berlin, wakaandika kwamba katika bonde la Kongo bidhaa za mataifa yote zitaingia bila ushuru. Tena bonde hilo walilipima kwa kalamu yao wenyewe. Halikukoma penye maji ya mto wetu, bali lilifika mpaka Bahari ya Hindi, likachukua na nchi ambazo leo ni Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania. Ndiyo kusema Mombasa na Boma ziliwekwa chini ya sheria moja ya biashara kabla watu wa Mombasa na watu wa Boma hawajasikiana hata majina.

Lakini serikali isiyotoza ushuru italipa askari na makarani kwa feza gani? Haikupita miaka sita wakageuza shauri. Katika mkutano wa Brussels wa mwaka wa 1890 walikubali ushuru wa kuingia usiozidi 10 kwa mia, wakisema kwamba feza zinatakiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndipo zilipoanza forodha kupatana zenyewe kwa zenyewe. Kwa upande wa mashariki Waingereza, Wajerumani na Waitalia walipatana juu ya ushuru mmoja katika Desemba ya mwaka uleule. Kwa upande wa magharibi Dola Huru ya Kongo, Ufaransa na Ureno walipatana Lisbon tarehe 8 Aprili 1892. Sababu yao ilikuwa nyepesi kufahamu. Kama ushuru wa Boma ni mkubwa na ule wa ng'ambo ni mdogo, mfanyabiashara atapakua ng'ambo, kisha atavusha usiku kwa mtumbwi. Majirani wasipotoza sawasawa, mmoja wao anamlisha magendo mwenzake.

Mwaka wa 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye uliondoa kile kipimo cha 10 kwa mia. Kila serikali ikaachiwa kukata ushuru wake, mradi tu isipendelee watu wa taifa moja kuliko wengine.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui, ingawa linawahusu watu wa Kalemie, wa Uvira na wa Bukavu. Katika vita ya kwanza ya dunia askari wa Kongo waliteka Kigoma na Tabora, mwaka wa 1916. Wapagazi walikufa kwa wingi katika safari ile. Vita ilipokwisha, Ubelgiji ulirudisha nchi ile kwa Waingereza, ukabaki na Ruanda-Urundi. Lakini haukuondoka mikono mitupu. Tarehe 15 Machi 1921 Waingereza na Wabelgiji waliandikiana mkataba. Wabelgiji wakapewa kiwanja bandarini Dar es Salaam na kiwanja kingine Kigoma. Waliambiwa wakae daima, na kodi yake ilikuwa franka moja tu kwa mwaka! Viwanja hivyo viliitwa Belbase.

Kazi yake ilikuwaje? Merikebu ilileta Dar es Salaam mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Mizigo ikashushwa katika kiwanja cha Wabelgiji, haikulipa ushuru wa Tanganyika, kwa maana haikuwa mali ya Tanganyika. Ikatiwa katika mabehewa, mabehewa yakafungwa kwa lakiri, yaani ule muhuri ambao mtu hawezi kuufungua pasipo kuonekana. Gari la moshi likapita nchi nzima ya Waingereza mpaka Kigoma. Pale kiwanja cha pili kikapokea, meli ikavusha ziwa mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, au ikapanda kaskazini mpaka Usumbura. Karani wa Tanganyika alitazama lakiri tu. Kama ni nzima, kazi yake imekwisha.

Sisi tunaona kwamba katika mambo yote ya forodha yaliyofanywa zamani za ukoloni, hili lilikuwa mojawapo ya yaliyoundwa vizuri zaidi. Kasoro yake ilikuwa kubwa vilevile. Wenye nchi hawakuulizwa. Tanganyika ilipokaribia kupata uhuru, katika mwaka wa 1961, Julius Nyerere alisema waziwazi kwamba mkataba ule hauifungi nchi yake. Waingereza walikuwa wasimamizi wa muda tu, basi wangewezaje kumpa mtu mwingine kiwanja cha milele? Mtu aliyeazimwa nyumba hawezi kuuza mlango wake. Lakini Nyerere hakutaka kuwafungia njia majirani. Mizigo ya Kongo, ya Rwanda na ya Burundi iliendelea kupita Dar es Salaam.

Jambo la namna hiyo lilitokea pia mpakani mwetu wenyewe. Kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo katika utawala, na bidhaa zikavuka Ruzizi bila ya kulipa ushuru wa mpakani. Wazee wa Bukavu na wa Goma waliozaliwa kabla ya mwaka wa 1960 wanaweza kuyasimulia mambo hayo. Uhuru ulipokuja, umoja ule ukakatika, na kila nchi ikasimamisha bariyeri yake.

Sasa twende Afrika ya Mashariki, tuone mfano mkubwa kuliko yote.

Reli ya Mombasa ilifika ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Uganda haina bahari, kwa hiyo ushuru wa mizigo yake ulianza kukusanywa Mombasa. Mwaka wa 1917 idara za forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa, Tanganyika ikaletwa karibu hatua kwa hatua baada ya vita, na mwaka wa 1927 bidhaa zikawa zinapita katika nchi zote tatu bila ushuru wa kati. Mwaka wa 1949 idara zikawa idara moja. Karani wa forodha aliweza kuwa Mganda, kufanya kazi Dar es Salaam, na kulipwa na afisi moja ya nchi zote.

Ungedhani kwamba watu walifurahi. Walifurahi Nairobi. Kampala na Dar es Salaam walinung'unika, na manung'uniko yao tunapenda kuyaeleza kwa mfano, kwa kuwa ndiyo fundo la habari yote.

Tuseme Tanganyika inanunua mashati ya shilingi 1,000 toka Uingereza, na ushuru ni 25 kwa mia. Serikali inapata shilingi 250, na kwa feza hizo inaweza kulipa waalimu. Mashati yamefika sokoni kwa shilingi 1,250. Sasa kiwanda kinajengwa Nairobi. Mashati yake hayalipi ushuru, kwa maana yanatoka ndani ya umoja. Mwenye kiwanda anajua kwamba ya Uingereza yanauzwa 1,250, basi yeye anauza 1,200. Mnunuzi amepata faida ya shilingi 50. Lakini zile 250 za serikali ya Tanganyika ziko wapi? Hazipo tena. Sehemu moja imebaki mfukoni mwa mnunuzi, na sehemu kubwa imekwenda Nairobi, kwa mwenye kiwanda na kwa wafanyakazi wake. Na viwanda vingi vilijengwa Kenya, kwa maana huko ndiko kulikokuwa na reli, na benki, na walowezi wenye mali.

Umoja wa forodha, basi, si kuondoa bariyeri tu. Ni kugeuza njia ya feza, na feza haitoki mahali isipoingia mahali. Anayepoteza asipolipwa, hatakaa mezani siku nyingi.

Wakubwa walijaribu dawa nyingi. Mwaka wa 1961 tume ya Bwana Raisman iliagiza kwamba 6 kwa mia ya mapato ya forodha iwekwe katika mfuko mmoja, nusu itumike kwa kazi za pamoja, nusu igawanywe sawasawa kwa nchi tatu. Haikutosha. Mwaka wa 1964 walipatana Kampala kugawana viwanda, kiwanda fulani kijengwe huku, kingine kule. Kenya haikuutimiza mkataba ule. Mwishowe, tarehe 6 Juni 1967, palepale Kampala, Jomo Kenyatta, Milton Obote na Julius Nyerere walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba, makao yake Arusha. Mkataba huo ulitunga ushuru mdogo wa muda, ambao Uganda na Tanzania ziliweza kutoza bidhaa za Kenya ili viwanda vyao vichanga vipate kukua. Tena ukaanzisha benki ya maendeleo, ambayo ilipaswa kutia Uganda na Tanzania 38.75 kwa mia kila moja, na Kenya 22.5 tu. Hesabu ilikuwa ya haki. Tunapousoma mkataba ule leo tunaona kwamba waliouandika walikuwa watu wenye akili.

Lakini karatasi haifanyi kazi peke yake. Mwaka wa 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Basi baraza la marais watatu, lililokuwa kichwa cha Jumuiya, halikukutana tena. Kila nchi ikaanza kuzuia feza za mashirika ya pamoja zisivuke mpaka. Mapema mwaka wa 1977 shirika la ndege likavunjika, na katika Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kabla ya mwaka kwisha Jumuiya ilikuwa imekufa. Mpaka ule ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mali za Jumuiya ziligawanywa kwa mapatano ya tarehe 14 Mei 1984, baada ya Mswisi mmoja, Victor Umbricht, kupatanisha kwa miaka mingi.

Hapa kuna jambo la ajabu. Tangu mwaka wa 1953 kuna baraza la forodha za dunia huko Brussels, lililoanza na nchi 17 za Ulaya, na tangu 1994 huitwa Shirika la Forodha la Dunia. Baraza hilo lilitunga mkataba wa forodha kusaidiana katika kuwakamata wenye magendo, yaani kupeana habari, kupeana hati, kupeleka mashahidi. Nao ulitiwa sahihi wapi? Nairobi, tarehe 9 Juni 1977! Wageni toka pande zote za dunia walikuwa wanaandika Nairobi namna forodha zitakavyosaidiana, na wakati uleule forodha za wenyeji zilikuwa zinagawana meza na viti.

Na sisi katika miaka ile? Tarehe 20 Septemba 1976 Zaire, Rwanda na Burundi walianzisha huko Gisenyi jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makubwa, ile ijulikanayo kwa herufi CEPGL. Vita za miaka ya 1990 ziliilaza, ikaamshwa mwaka wa 2007. Watu wa Goma na wa Bukavu wanaijua zaidi kwa karatasi yake ya kuvukia kuliko kwa mikutano yake, wala si ajabu, kwa kuwa karatasi ile imewafaa.

Lililofaa zaidi mizigo mikubwa ni mapatano ya Ushoroba wa Kaskazini, yaliyotiwa sahihi Bujumbura mwaka wa 1985 na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Zaire iliingia mwaka wa 1987. Ushoroba ni njia, na njia hii inaanza Mombasa, inapita Kampala, na matawi yake yanafika Kasindi, Bunagana, Goma na Bukavu. Kwa kadiri ya mapatano hayo mzigo wa Butembo, kwa mfano, haupaswi kulipa ushuru wa Kenya wala wa Uganda. Unapita tu. Lakini Kenya itajuaje kwamba kamyo haitashusha sukari njiani na kuiuza? Kwa dhamana. Mwenye mzigo, au wakala wake, anaweka ahadi ya benki au ya bima. Mzigo ukitoweka njiani, dhamana inalipa ushuru. Ukifika mpakani na lakiri nzima, karani wa mwisho anaandika kwamba umefika, na dhamana inafunguliwa.

Tazameni jinsi mambo yote yanavyoning'inia penye karani yule wa mwisho. Akichelewa kuandika, feza ya mfanyabiashara inabaki imefungwa. Akiandika uongo, serikali ya jirani inaibiwa. Na katika njia moja palikuwa na dhamana ya Kenya, kisha ya Uganda, na mara nyingine ya tatu, kila moja na gharama yake. Gharama hizo hazilipwi na mwenye kamyo. Zinakaa ndani ya bei ya chumvi na ya sabuni katika soko la Butembo.

Majirani wetu wa mashariki walirudiana taratibu. Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi mkataba mpya Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na umoja wao wa forodha ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Walikuwa wamejifunza. Safari hii bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini bidhaa nyingine za Kenya zilipokwenda kwao zilitozwa kwanza 10 kwa mia, kisha 8, kisha 6, hata zikafika sifuri mwaka wa 2010. Mwenye nguvu alingoja wenzake wapate pumzi. Kwa bidhaa za nje waliweka ngazi tatu: malighafi 0, bidhaa zilizotengenezwa nusu 10 kwa mia, bidhaa kamili 25. Mwaka wa 2022 waliongeza ngazi ya nne, 35 kwa mia. Rwanda na Burundi waliingia katika umoja huo wa forodha mwaka wa 2009.

Hatua iliyobadilisha kazi kweli ilikuja mwaka wa 2014, nayo inaitwa himaya moja ya forodha. Makarani wa Uganda na wa Rwanda waliwekwa Mombasa kwenyewe. Mzigo wa Kampala unaposhuka melini, hati zake zinasomwa Kampala kwa njia ya kompyuta, ushuru unalipwa kwa serikali ya Uganda kabla kamyo haijaondoka bandarini, na njiani haufunguliwi tena. Afisi za Jumuiya zilitangaza kwamba safari ya Mombasa mpaka Kampala ilipungua toka siku 18 mpaka siku 4, na ya Kigali toka siku 21 mpaka siku 6. Dereva aliyezoea kulala chini ya kamyo yake Malaba siku tatu nne hahitaji kuelezwa maana yake. Tena pale Malaba na katika mipaka mingine makarani wa nchi mbili wamewekwa katika nyumba moja, kamyo isimame mara moja tu. Kituo cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika kilifunguliwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, Desemba 2009. Watu wa Katanga wanakifahamu, kwa maana mizigo mingi ya Lubumbashi itokayo Afrika ya Kusini hupita huko, kisha Kasumbalesa.

Sasa tufike kwetu. Kongo ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, na katika Julai ya mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Wengine walidhani kwamba kesho yake duane itaondoka Kasindi na Ruzizi. Sivyo. Kuingia katika Jumuiya ni jambo moja, kulinganisha ushuru ni jambo jingine. Kwa miaka mingi ushuru wa Kongo wa kuingiza bidhaa ulikuwa na ngazi za 5, 10 na 20 kwa mia. Ukilingana na ule wa Arusha, bidhaa kamili zitokazo China au Dubai zitalipa zaidi kuliko zamani, 25 au hata 35, na zile za Kampala na Nairobi hazitalipa kitu. Mwenye duka wa Bunia atafurahi. Mwenye duka wa Matadi, ambaye mizigo yake inaingia kwa bahari ya magharibi, atauliza faida yake ni nini. Nasi hatuoni kwamba anauliza bure.

Turudi kwenye mfano wetu wa mashati, maana ni uleule. Serikali ya Kongo inategemea sana feza za forodha. Kazi hiyo ilipewa shirika la OFIDA mwaka wa 1979, na tangu mwisho wa 2009 iko mikononi mwa DGDA. Bidhaa za Uganda na Kenya zikiingia bila ushuru, shimo litakuwa katika hesabu ya Kinshasa, na viwanda vitakavyopata faida viko ng'ambo. Tunaamini kwamba Kongo inayo haki ya kudai walichopewa Uganda na Tanzania mwaka wa 2005, yaani miaka ya kupumua. Kuna na fundo jingine. Kongo ni mwanachama wa SADC tangu 1997, tena wa COMESA, tena wa jumuiya ya Afrika ya Kati iliyoanzishwa Libreville mwaka wa 1983. Mtu anaweza kuwa na marafiki wanne, lakini nchi haiwezi kuwa na ushuru wa namna mbili mlangoni pamoja. Hata katika Shirika la Forodha la Dunia Kongo inaketi pamoja na nchi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, na majirani wetu wa mashariki wanaketi katika kundi jingine.

Na vita? Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, majuma machache tu baada ya sahihi ile. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katika Februari. Mahali ambapo karani wa serikali amekimbia, mkataba wa forodha hauna mkono wa kuutimiza. Karani wa ng'ambo anaandika kwamba mzigo umetoka, lakini Kinshasa haipokei habari wala ushuru. Nyerere na Amin hawakupigana mwaka wa 1971 kwa ajili ya forodha, hata hivyo forodha ilikufa kwa ugomvi wao.

Limebaki jambo dogo, lakini kwa wasomaji wetu wengi ndilo kubwa. Wengi wanaovuka kila siku hawana kamyo wala wakala. Ni mama zetu wenye vikapu vya nyanya, mayai, samaki wadogo na vitenge. Kwa ajili yao COMESA ilitunga utaratibu mwepesi. Nchi mbili zinapatana juu ya orodha ya bidhaa zilizotoka kwao wenyewe. Mzigo ukiwa katika orodha, na thamani yake haizidi kipimo kilichowekwa, ambacho kilianza dola 500 na baadaye kikapandishwa, mama anajaza karatasi moja fupi, na bidhaa hazilipi ushuru wa kuingia. Kodi nyingine zinaweza kubaki, na hati ya afya ya mifugo au ya mimea inaweza kutakiwa. Lakini faida ya utaratibu huo inakaa katika orodha ile. Inapaswa kubandikwa ukutani mwa bariyeri pande zote mbili, kwa lugha ambayo wavukaji wanaisoma, na kila aliyelipa apewe risiti yenye muhuri. Pale ambapo orodha imefungiwa ndani ya kabati, mama hulipa kiasi atakachoambiwa, kisha huambiwa kingine mlango wa pili.